Maury: Jamaa aliyekusanya data ya bahari kabla ya intaneti

Uko ndani ya matatu Mombasa Road, saa kumi na moja jioni, foleni imekaza. Unatoa simu kuangalia ramani. Mstari mwekundu unakuambia mbele kumeziba, wa buluu unakuonyesha pa kupitia. Umewahi kujiuliza ile ramani inajuaje? Inajua kwa sababu simu yako, ya msee aliyeketi mbele yako na ya dereva wa lori kule Mlolongo zinatuma habari kimyakimya: niko hapa, naenda mwendo huu. Unatoa kitu kidogo, unarudishiwa kitu kikubwa.

Sasa shikilia hapo. Huo mpango wa nipe nikupe una zaidi ya miaka 170, na ulianzia baharini. Aliyeuanzisha alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyevunjika mguu, akapewa ofisi iliyojaa madaftari makuukuu ambayo hakuna mtu aliyeyataka. Jina lake Matthew Fontaine Maury. Nataka nikupe stori yake yote leo, kwa sababu huyu jamaa ana upande utakaoupenda na upande utakaokukasirisha, na ukipewa mmoja tu utakuwa umedanganywa.

Mtoto wa shambani

Maury alizaliwa Januari 14, 1806 katika jimbo la Virginia. Akiwa bado mdogo, familia yake ilihamia Tennessee, mbali kabisa na bahari. Walikuwa wakulima, watoto wengi, pesa kidogo. Kakake mkubwa, John, aliingia jeshi la wanamaji, akafa kwa homa ya manjano mwaka wa 1824 akiwa kazini.

Baba mtu alikuwa amezika mmoja. Hakutaka kusikia habari za bahari tena. Lakini Matthew alikuwa ameshaamua. Mwaka wa 1825, akiwa na miaka 19, aliondoka nyumbani bila baraka za babake.

Siku hizo Marekani haikuwa na chuo cha kufunza maafisa wa wanamaji. Kile cha Annapolis kilifunguliwa 1845. Ulijifunza ukiwa melini, ukibahatika kupata wa kukufundisha. Inasimuliwa kwamba Maury akiwa zamu alichora pembetatu za hesabu kwa chaki juu ya risasi za mizinga, ili akipita huku na huku aendelee kuzitatua. Chuo kikuu hakuwahi kukanyaga kama mwanafunzi.

Mimi pia niliacha chuo katikati, kwa hivyo hapo ananigusa. Lakini tusidanganyane. Jamaa hakuacha kusoma. Aliacha tu kungoja mtu amwambie asome nini.

Alikuwa ndani ya meli ya Vincennes ilipomaliza kuizunguka dunia mwaka wa 1830, meli ya kwanza ya kivita ya Marekani kufanya hivyo. Mwaka uliofuata akapangwa kwenye meli ya Falmouth, akiwa ndiye anayesimamia njia. Walikuwa waende Pasifiki kwa kuzunguka rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika, mahali ambapo upepo na mawimbi vimezamisha meli zisizo na idadi.

Akatafuta maandishi ya kumwambia upepo wa kule unavumaje mwezi gani. Hakupata.

Fikiria hilo kidogo. Watu walikuwa wamepita pale kwa miaka mia kadhaa. Kila nahodha alikuwa na yake, kichwani au ndani ya sanduku, na akifa anaondoka nayo. Kila meli mpya ilianza kujifunza upya, na ada ya somo mara nyingine ilikuwa maisha ya watu.

Mguu

Oktoba 1839, Maury alikuwa safarini kwa gari la farasi huko Ohio. Gari likapinduka. Mguu wa kulia ukavunjika vibaya, ukaungwa vibaya, na tangu siku hiyo alichechemea hadi kufa. Alikuwa na miaka 33, ana mke na watoto, na kazi ya kupanda na kushuka sitaha ya meli ndiyo hiyo imeisha.

Akashika kalamu. Kwa jina la bandia, Harry Bluff, aliandika makala za kuanika uzembe na ubadhirifu ndani ya jeshi la wanamaji. Ukitaka kumwita bloga wa enzi zake, sitakukatalia. Ilipojulikana ni nani, umaarufu wake ukazidi kupanda.

Mwaka wa 1842 akapewa usimamizi wa bohari ya ramani na vyombo vya safari, Washington. Miaka miwili baadaye ofisi hiyo ikageuka kituo cha kuchunguza nyota cha wanamaji, yeye akiwa mkuu. Ni kazi ya mezani, ile ambayo watu hupewa wakae kando. Ndani yake akakuta marundo ya madaftari ya safari za meli, miaka na miaka, yamepigwa na vumbi.

Kwa wengine ilikuwa takataka. Maury alifungua moja, akaona kile alichokikosa alipokuwa anaelekea Horn. Tarehe hii, mahali hapa, upepo ulitoka upande huu. Siku iliyofuata, hivi. Daftari moja halikusaidii sana. Ukichukua mia moja yaliyopita sehemu moja mwezi mmoja, ukayapanga pamoja, bahari inaanza kukuonyesha tabia yake.

Yeye na wasaidizi wake wakaketi, wakaanza kuchambua ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka wa 1847 ikatoka chati yao ya kwanza ya upepo na mikondo ya Atlantiki ya Kaskazini.

Nipe nikupe

Manahodha hawakuikimbilia. Ungekuwa wewe, umezunguka bahari miaka thelathini, ungesikiliza karani wa Washington anayechechemea?

Halafu mwaka wa 1848 meli moja ikatoka Baltimore kwenda Rio de Janeiro ikifuata njia ya Maury. Kwenda na kurudi iliokoa zaidi ya mwezi mzima ikilinganishwa na safari ya kawaida. Mwezi wa mishahara, wa chakula, wa hatari. Mabaharia huwa hawahitaji kuelezwa hesabu kama hiyo mara mbili. Wakaanza kuulizia chati.

Hapo ndipo Maury alipofanya jambo lililomtofautisha na wengine. Hakuuza. Alisema chati utapata bure, lakini uchukue na fomu hii. Kila siku ujaze ulipo, upepo, mkondo, joto la hewa na la maji, kipimahewa kinasoma ngapi. Mara kwa mara utupe baharini chupa yenye karatasi ya tarehe na mahali, ili atakayeiokota aseme imefika wapi. Ukirudi bandarini, nitumie fomu. Chati ijayo itakuwa bora kwa sababu yako.

Ndiyo hiyo simu yako ndani ya matatu.

Wakati huohuo dhahabu ilikuwa imepatikana California, na kila mtu New York alitaka kufika San Francisco. Kwa bahari, kuzunguka Horn, safari hiyo ilikula hata miezi sita au zaidi. Mwaka wa 1851 meli ya Flying Cloud ilifika kwa siku 89. Aliyekuwa anapiga hesabu za njia ni mwanamke, Eleanor Creesy, mke wa nahodha, na alikuwa amezisoma kazi za Maury vizuri. Ukisikia mtu anasema bahari ilikuwa mambo ya wanaume, mpe hilo jina.

Mataifa kumi mezani

Maury hakutosheka na meli za kwao. Bahari haina ua. Upepo ukitoka Ureno hauombi pasi kuingia maji ya Marekani. Akaanza kuandikia serikali za nje, na Agosti 1853 wajumbe wa nchi kumi wakakutana Brussels, Ubelgiji: wenyeji wenyewe, Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Denmark, Norway, Sweden, Urusi, Ureno na Marekani.

Wakakubaliana kupima bahari kwa mtindo mmoja na kutumia fomu ya aina moja. Na kuna kipengele kimoja ambacho Maury alikijali sana, ukiweke akilini kwa sababu tutakirudia: kazi hii iendelee wakati wa amani na wakati wa vita. Meli ikitekwa na adui, daftari lake la vipimo lisiguswe, liheshimiwe kama kitu kitakatifu. Yaani mpigane mkitaka, lakini elimu ya bahari ni ya wote.

Matunda yalianza kuonekana. Mwaka wa 1854 Uingereza ilianzisha idara ya kushughulikia hali ya hewa chini ya Robert FitzRoy, ambayo ndiyo ilikua ikawa idara ya utabiri ya nchi hiyo hadi leo.

Maury pia alitaka kujua chini kuna nini. Kutupa bildi kwenye kina cha maelfu ya mita ilikuwa kubahatisha, kwa sababu hukuweza kujua risasi imegusa chini saa ngapi. Afisa mmoja kijana ofisini kwake, John Mercer Brooke, akabuni bildi ambayo uzito wake unaachia ukigonga sakafu, na kijiti chake kinarudi juu na tope la huko chini. Kwa vipimo hivyo, Maury alitoa mwaka wa 1854 ramani ya kina cha Atlantiki ya Kaskazini. Ilionyesha kwamba katikati ya bahari chini kumeinuka. Pia iliwapa moyo waliotaka kulaza kebo ya telegrafu kati ya Ulaya na Amerika. Ya 1858 ilifanya kazi wiki chache ikazima. Ya 1866 ikashika. Intaneti unayotumia kusoma hii inapita chini ya bahari kwa kebo, na wazo ni lile lile.

Mwaka wa 1855 akatoa kitabu, The Physical Geography of the Sea. Hakukiandikia maprofesa. Alikiandika kwa lugha ya kuvutia, na watu ambao hawajawahi kuona bahari wakakinunua. Kikachapishwa tena na tena, kikatafsiriwa katika lugha kadhaa, na Jules Verne akamtaja Maury ndani ya riwaya yake ya nyambizi.

Wanasayansi wakubwa wa nchi yake hawakufurahi. Walimwona mtu asiye na shahada anayetoa nadharia kubwa kuliko ushahidi, na mara nyingine walikuwa sahihi. Aliamini kwamba karibu na Ncha ya Kaskazini kuna bahari iliyo wazi, isiyo na barafu. Haipo. Lakini fomu zilizojazwa na mabaharia zilikuwa kweli hata pale maelezo yake yalipokosea.

Na wewe msomaji wa Kenya, usije ukadhani jamaa ndiye aliyegundua kwamba pepo zina majira. Pwani yetu iliishi kwa hilo. Kaskazi ikivuma, majahazi yanaingia kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikigeuka, yanarudi. Nahodha Ahmad ibn Majid aliandika vitabu vya njia za Bahari Hindi tangu karne ya 15. Maury alichofanya ni kuunganisha maelfu ya watu wasiojuana, wa nchi nyingi, wakajaza daftari moja.

Upande mwingine

Sasa tufike kwenye ile sehemu ngumu.

Maury alikuwa mtu wa Kusini mwa Marekani, na Kusini ile ilisimama juu ya migongo ya Waafrika waliotumwa bila malipo. Tangu miaka ya 1850 alikuwa akipigania mto Amazon ufunguliwe kwa meli za nje. Shemeji yake, afisa William Lewis Herndon, alitumwa kuuchunguza. Lakini ndani ya mpango wa Maury kulikuwa na wazo kwamba wenye mashamba wa Kusini wahamie bonde la Amazon na watumwa wao. Alizitazama chati zake, akaona mikondo inayounganisha mdomo wa Amazon na Marekani, na akatumia elimu hiyo kutetea kuhamisha utumwa kwingine badala ya kuumaliza.

Soma hapo tena. Mtu aliyesema elimu ya bahari ni ya wanadamu wote hakuwahesabu wanadamu wote.

Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Siku chache baadaye, Maury aliacha kazi yake Washington, akaenda kutumikia upande wa Kusini, upande uliopigania utumwa ubaki. Kule alitengeneza mabomu ya majini ya kulipuliwa kwa umeme. Mwaka wa 1862 akatumwa Uingereza, ambako alisaidia kununua meli za kuwinda meli za kibiashara za Kaskazini. Moja, iliyoitwa Georgia, iliteka meli kadhaa.

Unakumbuka kile kipengele cha Brussels? Aliyetaka daftari la nahodha liheshimiwe hata vitani sasa alikuwa anatafuta meli za kuwakimbiza manahodha wa aina ile ile waliomjazia fomu.

Vita vilimgharimu. Mwanawe John alipotea karibu na Vicksburg mwanzoni mwa 1863, hakuonekana tena. Kusini ikashindwa mwaka wa 1865. Maury akaenda Mexico, akafanya kazi chini ya mfalme Maximilian akijaribu kuanzisha makao ya watu wa Kusini waliokataa kurudi nyumbani. Mpango ukafa. Akarudi Uingereza, akaandika vitabu vya shule, na mwaka wa 1868 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampa shahada ya heshima. Mwaka huo akarejea Virginia kufundisha katika chuo cha kijeshi huko Lexington. Alifariki Februari 1, 1873, akiwa na miaka 67.

Miezi michache baadaye, mataifa yalikutana Vienna na kuanza kujenga shirika la kimataifa la hali ya hewa. Wazo la Brussels lilikuwa limekua bila yeye.

Sanamu na madaftari

Mwaka wa 1929 mji wa Richmond ulimsimamishia sanamu, ameketi, tufe la dunia likiwa juu yake. Ilikuwa kwenye barabara moja na sanamu za majenerali wa Kusini. Julai 2020, baada ya mauaji ya George Floyd, ile dunia ilishushwa kwa kreni ikabebwa na lori.

Kuna walioona hiyo ni kumwonea mwanasayansi. Mimi nikikuambia ukweli, sikulia. Sanamu husema huyu mtu tumwangalie kwa kuinua macho, na kuna watu ambao babu zao waliuzwa mnadani waliopita chini ya ile sanamu miaka 90.

Lakini madaftari ni kitu kingine, na hayo hayakushushwa. Maelfu ya kurasa zilizojazwa na mabaharia wale, joto la maji siku fulani mahali fulani, zimeingizwa kwenye kompyuta. Wanasayansi wa leo wanazitumia kujua bahari ilikuwaje kabla mafuta na makaa ya mawe hayajaibadilisha. Nahodha aliyejaza fomu mwaka wa 1850 ili tu apate chati ya bure, anatusaidia kujua bahari imepata joto kiasi gani.

Na mpango wenyewe haujafa. Hadi leo kuna meli za mizigo zinazojitolea kutuma vipimo vya hali ya hewa zikiwa safarini, chini ya utaratibu wa kimataifa. Kuna pia maboya ya Argo, karibu 4,000, yanayoelea katika bahari zote, yakizama mpaka mita 2,000 na kupanda kutuma kipimo kwa setilaiti. Nchi nyingi zinachangia. Data yake ni bure kwa mtu yeyote.

Mtu yeyote, maana yake ni wewe pia. Si lazima uwe profesa, na kama stori ya Maury imekufunza kitu, si lazima uwe na karatasi ukutani. Mvua inayonyesha Kitui na ukame unaopiga Garissa vinategemea sana jinsi Bahari Hindi ilivyopata joto mwaka huo. Mvuvi wa Lamu anayeamua kutoka au kutotoka asubuhi anategemea kipimo ambacho mtu fulani, mahali fulani, alijisumbua kukichukua.

Kwa hivyo siku nyingine ukifungua utabiri wa hewa kabla ya kuanika nguo, ujue kuna msururu mrefu nyuma yake. Mkuu wa msururu huo ni mtu ambaye singependa kumtundika ukutani. Waliobaki ni mabaharia, wengi hatujui hata majina yao, walioinama kila siku meli ikiyumba, wakaandika joto la maji, kisha wakampa kila mtu.